Daktari Asiyekugusa Naye Hutibu

Mwambie mtu anayeumwa mgongo kwamba anaweza kuhudumiwa na mtaalamu wa mazoezi tiba kwa simu ya video, na jibu atakuwa nalo mdomoni: "Atanitibuje bila kunishika?" Imani hiyo imeota mizizi vijiweni, kwenye vyumba vya kusubiri, hata miongoni mwa matabibu. Kwao, tiba ya simu ni ya kubahatisha, hupewa mtu wa mbali kwa kuwa hakuna namna nyingine. Nasema wazi: imani hii ni potofu, na gharama yake inawaangukia wale wasio na nauli.

Tuanze na maradhi yenyewe. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna tatizo jingine la kiafya linalosababisha ulemavu mwingi kuliko hilo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya aina hiyo. Linapendekeza nini? Mgonjwa aelimishwe kuhusu hali yake, apewe programu ya mazoezi, asaidiwe kisaikolojia, atumie dawa za kutuliza maumivu na uvimbe inapofaa. Kuchua na kunyoosha uti kwa mikono vimo, lakini ni viwili kati ya vingi. Mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa mashine, ambavyo wengi wetu tunaviona ndiyo tiba yenyewe, mwongozo unashauri visitumike kama jambo la kawaida.

Katika orodha hiyo, ni kipi kinachokwama kwenye kioo cha simu? Maelezo hayakwami. Mazoezi hayakwami pia, maana anayeyafanya ni mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake, siku nenda siku rudi. Hapo ndipo wanaobisha wanapokosea: wanadhani nguvu ya tiba imo mikononi mwa mtaalamu, wakati kwa maumivu haya imo katika misuli ya mgonjwa. Kazi ya mtaalamu ni kuuliza vizuri, kutazama kwa makini, kupanga mazoezi na kufuatilia.

Chukua mfano wa mama wa makamo mwenye goti linalouma, kijijini nje ya Sumbawanga. Simu imeegemezwa kwenye sufuria. Anaambiwa akae kitini, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa mara kadhaa. Mtaalamu anaona mguu anaouegemea, goti linavyolalia ndani, na mahali anapokunja uso kwa maumivu. Anaona na yale ambayo chumba cha hospitali kisingemwonyesha kamwe: jiko liko chini, kigoda ni kifupi, choo ni cha kuchuchumaa. Hospitalini mama huyo angeambiwa asichuchumae, akarudi nyumbani na ushauri asioweza kuutekeleza. Hapa anafundishwa kuinuka kutoka kwenye kigoda hicho hicho, na wiki mbili baadaye anatazamwa tena bila kupanda basi.

Wanaodai ushahidi, upo. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliowahusisha watu 394 wenye maumivu sugu ya goti. Wengine walionana na mtaalamu ana kwa ana, wengine kwa video, mara tano ndani ya miezi mitatu. Katika maumivu na uwezo wa kutumia goti, kundi la video halikuwa nyuma. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulianza na simu ya sauti tu katika kuwapima na kuwashauri wagonjwa wa viungo. Matokeo ya tiba yalilingana na ya utaratibu wa kawaida, na siku za kusubiri zilipungua kutoka 34 hadi 7. Kwa hiyo hata hoja ya mtandao dhaifu na bando ghali haifungi mlango.

Na walioumia? Mtu akiteguka kifundo cha mguu, madaktari wengi duniani hutumia kanuni zilizotungwa Ottawa, Canada, mwaka 1992, kuamua kama anahitaji eksirei. Je, anaweza kupiga hatua nne kwa mguu huo? Je, akibonyezwa ncha au ukingo wa nyuma wa mfupa uliochomoza kifundoni, anaumia? Hatua nne huonekana kwenye video. Mahali pa kubonyeza, mgonjwa au mwanawe ataonyeshwa. Penye shaka yoyote, aende akapigwe picha.

Sisemi simu inatosha kwa kila jambo. Mfupa uliovunjika hauungwi kwa video. Kijana aliyeanguka na bodaboda apelekwe hospitali, asipigiwe simu ya mazoezi. Anayeumwa mgongo akashindwa kuzuia mkojo, au akafa ganzi katikati ya mapaja, anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye homa za jioni na anayepungua uzito apimwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Lakini dalili hizi zote hujulikana kwa kuuliza, na mara nyingi aliyekimbilia kukandwa ndiye ambaye hakuulizwa. Wala sizungumzii wauza mafuta ya mgongo wanaojaza video mitandaoni. Hao hawana mgonjwa, wana wateja.

Shirika la Afya Duniani linasema baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao, wakiwamo wa mazoezi tiba, wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Kung'ang'ania kuguswa katika hali hiyo ni kuwaambia wakulima, wavuvi na mama lishe kwamba wazoee maumivu. Hospitali zetu za rufaa zianzishe kliniki za video kwa wagonjwa wa mgongo, magoti na mabega, hasa kwa ufuatiliaji. Zahanati ziwe na simu moja na chumba kimoja cha faragha kwa kazi hiyo. Bima zilipie huduma hiyo sawasawa na ya ana kwa ana.

Na wewe unayeumwa, ukionana na mtaalamu kwa simu, mwulize mambo matatu: amesajiliwa wapi, dalili zipi zikitokea ukimbilie hospitali, na mtaonana tena lini. Akikujibu yote, fanya mazoezi yake bila kukosa. Akishindwa kuyajibu, hata angekuchua mgongo mzima, hajakutibu.