Barua ya Kamera



Familia za Pwani yetu zimekuwa za nyumba mbili. Nyumba ya kwanza iko hapa, Kibokoni au Majengo au Malindi, na ya pili iko Leicester au London, alikoolewa binti au alikokwenda kijana kusoma kisha akapata kazi. Ndiyo maana maswali ya safu hii hayakomei tena kwenye eda, mirathi na malezi. Siku hizi naulizwa habari za kodi za huko na shule za huko, na majuzi nimeulizwa habari za kamera ya barabarani.

Muulizaji ni mama mtu mzima, mkaazi wa Mombasa. Mwanawe aishiye England ameletewa barua na polisi kwamba gari lake lilipita mbele ya kamera kwa mwendo wa maili 37 kwa saa, mahali ambapo mwisho ni 30. Leseni ya kijana huyo bado ni changa. Babake alikuwa kwake kwa matembezi, na siku hiyo alikuwa ameketi kiti cha mbele. Basi katika mazungumzo ya nyumbani likazuka wazo: iandikwe kwamba aliyeshika usukani ni baba, maana baba anarudi zake Mombasa, na adhabu ya huko haitamfuata. Mama akaniuliza, "Sheikh, hili lina ubaya gani, na hakuna aliyedhulumiwa?"

Nitajibu, lakini sharti kwanza tuifahamu barua yenyewe, kwa kuwa wengi huingia kwenye uwongo kwa khofu ya jambo ambalo hawakulisoma mpaka mwisho.

Sheria ya huko yataka barua hiyo ya kwanza imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14 tangu tukio. Naye ana siku 28 za kujibu swali moja: ni nani aliyekuwa akiendesha? Angalieni kwamba barua haijamhukumu mtu. Inauliza tu. Asiyejibu hufanya kosa jingine, na adhabu ya kunyamaza ni kubwa kuliko ya mwendo wenyewe: pointi 6, na faini iwezayo kufika pauni 1,000.

Pointi ni alama za makosa ziandikwazo kwenye leseni. Adhabu ya chini kabisa ya mwendo wa kasi ni faini ya pauni 100 na pointi 3. Alama hizo hukaa kwenye rekodi ya dereva miaka 4, na afikishaye 12 ndani ya miaka 3 aghalabu huzuiwa kuendesha kwa miezi 6 au zaidi. Kwa dereva mpya mambo ni mazito kuliko hayo. Katika miaka 2 ya kwanza baada ya kufaulu mtihani, pointi 6 zatosha kuifuta leseni yake, akarudi kuwa mwanafunzi, akafanya mitihani yote upya. Na hapa pana jambo ambalo watu wetu hawalitambui mpaka liwafike. Leseni ya Kenya hutumika kule kwa miezi 12 tu kwa aliyehamia. Baada ya hapo lazima mtu afanye mtihani wao. Kwa hivyo mzee aliyeendesha gari baina ya Mombasa na Malindi kwa miaka 20, akihamia Uingereza na kufaulu, huhesabiwa dereva mpya sawa na msichana wa miaka 17. Makosa mawili ya mwendo, na leseni imekwenda.

Sasa, ndani ya sheria hiyo hiyo umo mlango ambao kijana wetu hakuuona. Polisi wa England na Wales wana ruhusa ya kumwalika mkosaji wa kiasi kidogo ahudhurie darasa la kufunzwa madhara ya mwendo, badala ya kupewa pointi. Kwenye barabara ya maili 30, kwa kawaida waalikwao ni waliopimwa kuanzia 35 hadi 42. Kwenye barabara kuu ya maili 70 ni kuanzia 79 hadi 86. Aliyevuka hapo hana mwaliko. Wala hana mwaliko aliyekwisha kuhudhuria darasa kama hilo kwa kosa la ndani ya miaka 3 iliyopita, kwani mlango huu haukuwekwa ili watu waupite kila mwaka. Tena mwaliko ni hiari ya polisi. Si haki ya mtu kuidai. Lakini haufiki kwa asiyejibu barua, wala hauwezi kumfikia dereva wa kweli ikiwa jina lililoandikwa ni la mwingine. Kijana aliyekamatwa kwa 37 alikuwa karibu na mlango huo, na watu wake walikuwa wakimtafutia dirisha la kurukia.

Ada ya darasa hulipwa na mwenye kuhudhuria. Hutofautiana kwa mikoa, na aghalabu haiko mbali na ile faini ya pauni 100. Ahudhuriaye basi asidhani ameokoa fedha. Alichookoa ni leseni.

Kuna aliyewahi kuniambia, akicheka, kwamba hiyo ni rushwa ya kizungu: unatoa kitu, kosa linafutwa. Sikubaliani naye. Rushwa hutolewa gizani, kwa kiasi cha anayeogopa na tamaa ya anayepokea, na akiisha kutoa mtu hupanda gari lake akaenda kama alivyokuja. Hapa ada yajulikana, risiti yatolewa, waziri na muuza samaki hulipa sawasawa, na fedha peke yake hazimtoi mtu. Asipoketi darasani mpaka mwisho, kesi hurudi kwa polisi. Ningependa sana sisi wa huku, tuliozoea kuona noti ikikunjwa ndani ya leseni, tuitafakari tofauti hiyo.

Darasa lenyewe siku hizi wengi hulisoma nyumbani kwa intaneti, kwa saa mbili na zaidi. Mtu huonyesha kitambulisho, huacha kamera ya kompyuta ikiwa wazi uso wake uonekane, na hutakiwa kuzungumza anapoulizwa. Achelewaye hurudishwa. Hakuna mtihani wa kufaulu au kufeli, bali asiyeshiriki hahesabiwi kuwa amehudhuria. Mama mwenye mtoto mchanga achague saa ambayo pana wa kumshikia mtoto. Na kwa wenzetu walioko huko nawakumbusha kutazama nyakati za swala kabla ya kuchagua, kwani majira ya baridi adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana kwa karibu mno, na saa mbili za kutoruhusiwa kuinuka zaweza kumla mtu swala nzima.

Hufunzwa nini humo? Hufunzwa kuzitambua alama za barabara, kwa mfano kwamba mtaa wenye taa za barabarani mwisho wake ni maili 30 madhali hakuna kibao kisemacho vingine. Huko Wales tangu Septemba 2023 kiwango hicho kimeteremshwa hadi maili 20. Lakini kiini cha somo ni hesabu, nayo ningependa kila mama aisome kisha amsomee mwanawe aliyeko huko na huyu aliyeko hapa mwenye pikipiki.

Kitabu cha kanuni za barabara za Uingereza chasema kwamba gari liendalo maili 30 kwa saa, yaani kiasi cha kilomita 48, huhitaji mita 23 ili lisimame. Mita 9 za mwanzo hupita kabla mguu haujafika kwenye breki, wakati jicho limeona na akili inaamua. Mita 14 zinazobaki ni za breki. Likiwa maili 40, huhitaji mita 36: mita 12 za kuamua na 24 za breki. Sasa mfikirie mtoto ametoka baina ya magari yaliyoegeshwa, naye yuko mita 23 mbele. Dereva wa kwanza atasimama mbele ya miguu yake. Dereva wa pili atakuwa ametumia mita 11 tu kati ya zile 24 za breki. Je, atakuwa na mwendo gani anapomfikia mtoto? Watu hudhani maili 10, kwa kuwa 40 ukitoa 30 ni 10. Sivyo. Nguvu za gari huongezeka kwa mwendo kuzidishwa kwa mwendo, wala si kwa kujumlisha. Ukiipiga hesabu hiyo utakuta bado anakwenda karibu maili 29 kwa saa. Pale ambapo mwenziwe amesimama, yeye ndiyo kwanza ana mwendo ambao mwenziwe alianza nao. Asiyeamini aitazame orodha ya kitabu hicho: kwa maili 20 mita za breki ni 6, na kwa 40 si 12 bali ni 24.

Na faida ya kukimbilia ni nini? Safari ya maili 3 ya kumpeleka mtoto shule, kwa maili 30 kwa saa huchukua dakika 6. Kwa maili 35 huchukua dakika 5 na sekunde chache. Hata dakika moja kamili hukuipata, tena hiyo ni kwa barabara isiyo na taa wala foleni.

Mwaka 2018 Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza ilichapisha uchunguzi juu ya madarasa haya. Ulionyesha kwamba waliohudhuria walikuwa wachache wa kurudia kosa kuliko waliopewa faini na pointi. Juu ya ajali zenyewe haukuweza kuthibitisha kwamba zimepungua. Nalitaja hili la pili pia ili nisimsifu mtu kupita haki yake, ila mwalimu yeyote wa chuo atawaambia kwamba mtoto aliyeelezwa sababu hukumbuka zaidi ya aliyechapwa bakora akaachwa.

Nirudi kwenye swali la mama, na nitamjibu kwa kisa ambacho Uingereza nzima inakijua. Mwezi wa Machi 2003 mwanasiasa aitwaye Chris Huhne alinaswa na kamera akirudi kutoka uwanja wa ndege wa Stansted. Leseni yake ilikuwa ukingoni. Jina lililoandikwa kwenye barua likawa la mkewe, Vicky Pryce, bingwa wa uchumi, naye akazibeba pointi zile. Haikumfaa kitu, maana mwaka huo huo alizuiwa kuendesha kwa kosa la simu. Miaka ikapita. Mume akawa waziri. Mwaka 2010 ndoa ikavunjika, na mwaka uliofuata siri ikatoka magazetini. Machi 2013, miaka 10 baada ya kamera ile, mahakama iliwafunga wote wawili, kila mmoja miezi 8, kwa kosa la kuupotosha mkondo wa haki. Mke alijitetea kwamba alishurutishwa na mume. Sheria ilikuwa na utetezi wa namna hiyo kwa wake tangu zamani. Wazee wa baraza hawakuukubali kwake, na mwaka 2014 Bunge likaufuta kabisa. Dada zangu mlioolewa huko, lishikeni hili. Mume akikuletea karatasi uweke jina lako mahali pa lake, kwa mapenzi au kwa ukali, mahakama itakuuliza wewe uliyetia sahihi. Tazameni pia kipimo cha jambo: kosa la pauni chache na pointi 3 liligeuzwa kifungo na kalamu peke yake.

Kwa hivyo, mama yangu, aliyedhulumiwa yupo, naye ni mzee wako. Hata kama ameridhia kwa kumpenda mwanawe, jina lake litakaa kwenye karatasi ya serikali likishuhudia jambo ambalo hakulitenda. Kesho ataomba viza tena akamwone mjukuu, na karatasi itakuwa ingali pale, pamoja na kamera ambayo huenda ilimpiga picha akiwa kiti cha abiria. Ushahidi wa uwongo kwetu sisi ni katika madhambi makubwa, wala haupunguzwi uzito kwa kuwa umetolewa nchi ya watu wasio wa dini yetu. Na katika wema wa mtoto kwa mzazi ni kutomfanya mwongo uzeeni. Kijana aandike jina lake, aitume barua kabla ya siku zake 28 kwisha, na angojee majibu. Akialikwa darasani na ahudhurie. Asipoalikwa, alipe, azibebe pointi zake 3, na aendeshe pole miaka yake miwili iishe.

Limebaki dogo la bima, maana nalo huulizwa. Kampuni ya bima ikiuliza habari za pointi, mwenye pointi lazima azitaje. Darasa haliandikwi kwenye leseni, na aliyelihudhuria hana hukumu ya kutaja. Ila zipo kampuni ziulizazo waziwazi kama mtu amewahi kuhudhuria darasa la mwendo. Ikiulizwa hivyo, ajibu ndiyo, aandike na tarehe.