Ni Nani Atakayelinda Kura ya Kinondo?



Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, kinatusimulia jinsi Nabothi alivyopokonywa shamba lake la mizabibu. Wengi wetu tumekisikia kikihubiriwa kama kisa cha tamaa ya mfalme. Mimi, kwa kuwa riziki yangu ni sheria, hukisoma kama kesi ya kughushi. Ahabu hakutuma askari walivamie shamba. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wake, akazipeleka kwa wazee wa mji, na mashahidi wawili wakapatikana wa kusema yaliyotakiwa. Baraza likakaa, hukumu ikatolewa, Nabothi akapigwa mawe. Utaratibu wote ulifuatwa. Aliyekosekana barazani ni shahidi wa upande wa Nabothi.

Nimeanzia huko kwa sababu kila uchaguzi ukaribiapo, kutoka Ukunda hadi Vanga, malalamiko ya vyama ni yale yale: kura zitaibwa Nairobi, mitambo itachezewa. Sikatai kwamba hayo yaweza kutokea. Nasema tu kwamba chama kisichokuwa na mtu wake ndani ya darasa la shule ya msingi, akiwa macho usiku wa manane, hakina cha kupeleka Nairobi wala mahakamani isipokuwa ghadhabu.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1988, katika uteuzi wa KANU, wananchi walipangwa mstari nyuma ya wagombea, na aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikuwa limekwisha kuupinga utaratibu huo tangu 1986, na ubaya wake ukadhihirika: mahali pengi mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Watu walipotawanyika kwenda makwao, ushahidi ulitawanyika nao. Hapakuwa na karatasi ya kuhesabu upya.

Vyama vingi viliporudi, katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992, karatasi zilirudi pia, lakini masanduku yalisafirishwa kutoka vituoni hadi ukumbi wa kuhesabia. Msomaji afikirie mwendo kutoka vijiji vya mpakani, usiku, na nani aliyeketi ndani ya gari. Tangu mwaka 2002 kura huhesabiwa kituoni penyewe, na Katiba ya 2010, Kifungu cha 86, imelifanya jambo hilo kuwa sharti. Juni 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Maina Kiai, ikaamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, Nairobi haina ruhusa ya kuyageuza. Agosti 2022 Tume ikaweka fomu za 34A za vituo zaidi ya 46,000 mahali ambapo kila raia mwenye simu aliweza kuzisoma. Mapambano ya miaka mingi yameuleta ushindi mlangoni mwa darasa. Je, mlangoni hapo yuko nani?

Sheria ya Uchaguzi inakiruhusu chama kuweka wakala mmoja katika kila kituo. Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kisha kazi ndiyo inaanza, kwa maana masanduku ni sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na diwani. Huyo mtu mmoja anatakiwa aione kila karatasi ikiinuliwa, aandike hesabu yake mwenyewe, na ikiwa ana shaka adai kura zihesabiwe upya, jambo ambalo kanuni zinamruhusu, ila si zaidi ya mara mbili. Akiridhika, atie sahihi na achukue nakala. Asiporidhika, aandike sababu zake. Jambo moja halifai kabisa: kususia na kuondoka. Kanuni zinasema wazi kwamba kukosekana kwa sahihi ya wakala hakubatilishi matokeo peke yake. Anayetoka kwa hasira humwachia mwizi chumba.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mgombea aliyeshindwa. Alikuwa na orodha ya vituo kumi na kimoja ambavyo, kwa maneno yake, aliibiwa. Nikamwomba nakala za fomu. Alikuwa nazo mbili, na moja ilikuwa picha ya simu iliyokatwa mahali penye sahihi. Nikawaita mawakala wake. Mmoja alikiri kwamba alitia sahihi saa kumi jioni, kabla kituo hakijafungwa, kwa kuwa aliambiwa fomu zitamsumbua baadaye. Mwingine, kijana mwaminifu ambaye sina moyo wa kumlaumu, alitoka saa tatu usiku kutafuta chakula. Tangu alfajiri hakuletewa hata chai. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa na hesabu imekwisha kuandikwa. Wakala wa mpinzani, yeye, aliletewa wali na samaki wa kuwatosha wote waliokuwamo.

Nikamweleza mteja wangu kwamba kesi ya ubunge hufunguliwa ndani ya siku 28, kwa dhamana ya shilingi 500,000, na kwamba hakimu atauliza kama kasoro hizo ziligeuza matokeo. Pasipo nakala za fomu hatukuwa na jibu. Nilimshauri asiende. Aliondoka akiamini nimenunuliwa.

Linganisha na Mahakama ya Juu. Mwaka 2022 ilidaiwa kwamba fomu za 34A zilibadilishwa njiani. Mahakama ikaagiza zikaguliwe, na haikuona tofauti ya maana kati ya zile za asili na zile zilizotangazwa. Yaliyosemwa kwa nguvu nje yalikosa karatasi ndani. Bali tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo hiyo iliubatilisha uchaguzi wa rais, na sehemu kubwa ya hoja ilihusu fomu: zilivyopelekwa, na zilizokosa alama zilizotakiwa. Mahakama inayo masikio, ila husikiliza karatasi.

Sasa niwaambie lisilopendeza vyamani. Wakala hukaa na njaa kwa ajili ya mtu anayemwamini. Chama kikivuruga uteuzi wake chenyewe, kikampa tiketi mtu aliyeshindwa kwa kuwa ana pesa au anafahamiana na wakubwa, kisishangae mwezi Agosti kuona vijana wa kata wamekwenda kulala saa nne. Wale walioonewa ndio hao waliokuwa wawe mawakala. Jina kubwa la chama halizibi pengo hilo. Katika uchaguzi mdogo wa Msambweni, tarehe 15 Desemba 2020, Feisal Bader, mgombea huru, alipata kura 15,251, naye Omar Boga wa ODM akapata 10,444. Ni kweli kwamba mgombea huru huyo aliungwa mkono na Naibu wa Rais wa wakati huo. Hata hivyo, waliodhani chama kikubwa hakishindwi kusini mwa Pwani walijifunza siku hiyo.

Nisemapo wakala awe wa pale pale, nisieleweke vibaya. Hapa kwetu neno "mwenyeji" limemwaga damu. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, mashambulizi yakaenea hadi Ukunda na Diani, watu zaidi ya 100 wakauawa na maelfu wa kutoka bara wakakimbia, wengi wakijisitiri makanisani. Walikuwa wamejiandikisha kupiga kura. Uchaguzi ulipofika Desemba, wengi hawakuwapo. Huo nao ni wizi wa kura, na hakuna wakala awezaye kuuzuia. Unazuiwa na chama kinachomnyamazisha mgombea wake mwenyewe siku ya kwanza anapotamka jukwaani habari ya wageni, na mchungaji na imamu wanaosimama pamoja kumkanya. Kwa hiyo wakala na ajulikane na watu wa shule ile, awe Mdigo, awe Mkamba wa Shimba Hills.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Eneo bunge la Msambweni lina kata nne: Gombato-Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Majuzi niliwauliza viongozi wa chama kimoja kama wanalo jina la wakala wa kituo chochote cha Kinondo, hata kimoja. Wakanijibu kwamba majina yatatoka makao makuu. Nikauliza ni nani atakayempikia, wakacheka. Nimewaachia karatasi yenye mistari mitupu, mmoja kwa kila shule, na karibu na kila mstari nafasi ya jina la pili: jirani atakayeleta chakula saa mbili usiku. Nitarudi kuidai kabla ya Pasaka.