Orodha na Isomwe Mnazi Kwanza

Neno la kupunguza watumishi wa Serikali limerudi tena vinywani mwa watu. Mwezi Desemba 2023 Serikali yetu ilitangaza kuunganisha mashirika na taasisi zake 16 na kufuta nyingine 4, kwa nia ya kukomesha desturi ya kazi moja kufanywa na ofisi mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mwalimu wa nchi maskini katika somo hili la kupunguza watu, iliwaachisha kazi watumishi wake kwa maelfu. Katika haraka hiyo iliwaachisha hata baadhi ya watu wa idara inayotunza mabomu yake ya nyuklia, kisha baada ya siku chache ikaanza kuwatafuta warudi. Sisi hatukucheka. Jambo la namna hiyo limepata kutufika sisi wenyewe, na wala si zamani.

Hatusemi kwamba Serikali haina haki ya kupunguza watumishi. Mshahara ulipwao kwa kazi isiyofanyika hutoka katika jasho la mkulima na mfanyakazi, na anayeuachia uendelee kulipwa ni mshiriki katika wizi. Tunalolisema ni hili: kabla ya kuhesabu watu, yapasa kuhesabu kazi, na kazi ihesabiwe pale inapofanyika.

Tuichukue kata ya Mnazi, wilaya ya Lushoto. Msomaji ambaye hajafika huko hudhani kuwa Lushoto yote ni baridi, ukungu na matunda ya mlimani. Mnazi iko chini, katika tambarare ya kaskazini ya milima ya Usambara, upande wa kuelekea Mkomazi na mpaka wa Kenya. Ni nchi ya joto, vumbi na mkonge. Mtu wa Mnazi mwenye shauri wilayani hana budi kuupanda mlima, na masika barabara za milima ile twazijua. Kwa mtu huyo Serikali si majumba ya Dodoma. Serikali kwake ni mtendaji wa kijiji, mwalimu, muuguzi, mhudumu anayefagia na kuchemsha vyombo vya tiba, na bwana shamba anayepita kwa pikipiki ikiwa petroli ipo. Watu hao anawajua kwa majina, na wengine anajua hata wamechumbia wapi.

Sasa, katika wizara yenye watumishi mamia, akiondolewa karani mmoja majalada yatachelewa wiki mbili tatu, kisha wenzake watagawana kazi yake. Katika zahanati ya kijijini yenye watumishi wawili, akiondolewa mmoja imeondoka nusu ya zahanati. Katika karatasi ya makao makuu watu hawa wawili ni sawa sawa, tarakimu moja kwa tarakimu moja. Hapo ndipo kosa huanzia, nalo huanza bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Tumekwisha kuliona kosa hilo kwa macho. Mwaka 1992 Serikali ilikuwa na watumishi wapatao 355,000. Ilipofika mwaka 1997 walibaki kama 270,000. Kazi ya kupunguza ilifanywa kwa mashauri ya wakopeshaji wa nje, hazina ikiwa tupu, na hatuwezi kusema kwamba wakati ule Serikali ilikuwa na njia nyingi za kuchagua. Lakini pamoja na kupunguza, mlango wa kuajiri nao ulifungwa. Wauguzi wakastaafu, wengine wakafa, wengine wakaenda kutafuta riziki kwingine, na nafasi zao zikabaki wazi. Katikati ya miaka ya 1990 nchi ilikuwa na wafanyakazi wa afya zaidi ya 67,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakufika 55,000. Na watu je? Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu milioni 23, na ile ya mwaka 2002 ikahesabu zaidi ya milioni 34. Wagonjwa waliongezeka na watibabu wakapungua, nao ndio wakati ule ule ugonjwa wa ukimwi ulipokuwa ukivuna vijana wetu. Mahesabu ya mishahara yalionekana mazuri, kwa maana gharama ilikuwa imehamishwa tu toka daftari la Serikali hadi mgongoni mwa mama anayembeba mtoto wake kwenda kutafuta dawa.

Twende mbele hadi mwaka 2016, ulipoanza msako wa watumishi hewa. Majina zaidi ya 19,000 yalifutwa, na hapo hakuna aliyelia ila mwizi. Mwezi Aprili 2017 ikatolewa orodha ya watumishi 9,932 walioonekana wana vyeti vya kughushi. Waghushi hatuwatetei, ingawa wamo waliokata rufani na ikaonekana vyeti vyao ni halali. Tunaowasema ni wengine. Katika msukosuko huo huo waliondolewa pia watendaji wa vijiji, madereva, walinzi na wahudumu wenye elimu ya darasa la saba, watu ambao hawakughushi kitu. Waliajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, yaani kabla ya kuanza kutumika utaratibu wa kutaka elimu ya kidato cha nne, na siku walipoajiriwa walikuwa na kila sifa iliyotakiwa. Mwezi Aprili 2018 Serikali ilitangaza kwamba watu hao warudishwe kazini na walipwe mishahara ya muda wote waliokuwa nje.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na Serikali inayoweza kurudi nyuma ikiona imekosea yastahili heshima. Lakini wananchi na watazame hesabu yake. Kwa miezi mingi kazi ya watu hao haikufanyika. Kisha mishahara ya miezi hiyo hiyo ikapasa kulipwa. Yaani hazina ilibebeshwa mishahara ya kazi isiyofanywa, na hiyo ndiyo maradhi iliyokuwa ikitafutiwa dawa! Kama tarehe ya kuajiriwa ya kila mmoja ingaliulizwa katika kata yake kabla ya barua kuandikwa, jambo lingalimalizika kwa siku moja na kalamu moja.

Liko na shauri la malipo. Mtu aondolewaye kazini kwa halali anadai vitu viwili: aambiwe mapema, na alipwe siku anayotoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake, watu wa reli, posta, bandari na ndege, walibaki wakidai haki zao. Hapa kwetu mapatano ya kuwalipa zaidi ya 31,000 yalifikiwa mwaka 2005, baada ya miaka 28, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hata wale wa vyeti vya mwaka 2017 walikatwa michango ya uzeeni katika mishahara yao wenyewe, na amri ya kurudishiwa michango hiyo ilitoka mwaka 2022. Uganda, kwa upande wake, ilipopunguza majeshi kati ya mwaka 1992 na 1995, iliwaaga askari wake kwa fedha za kuanzia maisha, mabati ya kuezekea, mbegu na jembe, na ada za shule za watoto. Hawakutajirika, lakini walifika kwao na kitu mkononi.

Hapa tunasikia sauti ya wale wapendao kusema, "Arudi shamba." Shamba gani? Usambara milimani watu wamesongamana, na kipande alichoacha baba kimekwisha kugawanywa kwa ndugu watano. Huko tambarare mkonge ndio uliokuwa mwajiri. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 200,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990, siku zile zile ambazo maofisi yalikuwa yakitoa watu, mkonge wote wa Tanzania ulikuwa umeshuka karibu na tani 20,000. Aliyepunguzwa mjini alirudi akamkuta ndugu yake amekwisha kupunguzwa shambani.

Tutaulizwa: je, orodha ikipelekwa kijijini, si kila mtu atamtetea mjomba wake? Swali ni la haki, na undugu twaujua. Lakini wanakijiji wasiulizwe kama mtumishi fulani wanampenda. Waulizwe anafanya kazi gani, tangu lini, na akiondoka nani ataifanya. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Mwenye kusema uongo hapo atasema mbele ya majirani zake. Tena uongo wa namna hii huumbuka upesi kuliko kosa la karani wa mbali ambaye hakuna amjuaye.

Wala hatuombi jambo geni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi juu ya njia za kuepuka kupunguza na jinsi ya kuwachagua watakaotoka. Serikali iliyomtungia mwenye kiwanda sheria hiyo yapasa iwe ya kwanza kuifuata. Na vyama vya wafanyakazi navyo visingoje mpaka watu wametoka ndipo vianze kupiga kelele. Viombe kuiona orodha ingali rasimu.

Kuhusu mahali pa kuanzia, nchi hii ina mfano wake. Mwezi Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere alipokasirishwa na tamaa ya wasomi, alijikata kwanza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha ikafuata mishahara ya wakubwa wengine wa Serikali. Hakuanza na mfagizi. Leo pia, kabla ya kumgusa mhudumu wa zahanati, na ihesabiwe misafara ya magari, posho za vikao na safari za semina. Huenda pale ikapatikana mishahara ya wahudumu wengi bila mtu kupoteza kazi.

Kwa hiyo tunaitaka Ofisi ya Rais inayoshughulikia Utumishi itoe agizo la wazi: jina lolote la mtumishi wa kata au kijiji lisitiwe katika orodha ya kupunguzwa mpaka halmashauri ya wilaya yake imeandika ni nani ataichukua kazi yake na kuanzia siku gani. Mahali pa jina hilo pakiwa patupu, barua isitoke.