JEZI ZA FARASI HATUZITAKI



Mmekwisha kusikia habari ya zile jezi. Mwenye duka moja la kamari hapa Voi ameleta barua kwa kamati ya tawi, akisema atawapa vijana wetu wa mpira jezi kumi na nane, soksi, na mipira miwili, vyote bure. Sharti lake, asema, ni dogo tu. Picha ya farasi anayekimbia iwe kifuani, na bango lake libandikwe katika chumba chetu cha mapumziko. Bango lenyewe ni la kufundisha aina za beti za mbio za farasi. Baadhi ya wanakamati walifurahi sana. Sisi tunaoandika maneno haya hatukufurahi, na twataka kuwaeleza sababu kabla ya kura ya Jumamosi.

Tuanze na farasi wenyewe. Huku kwetu Taita hakuna farasi. Tuna punda, na punda twamjua kazi yake. Katika vita vya 1914-1918 jeshi la Waingereza lilileta farasi wengi nchi hizi, wakati ule ule ilipojengwa reli ya kutoka Voi kwenda Taveta, na mbung'o akawaua kwa wingi. Mbio za farasi wa kweli ziko Ngong, Nairobi. Uwanja ule ulifunguliwa 1954, mwaka ule ule Waafrika wa Nairobi walipokamatwa kwa maelfu na kupelekwa kambini katika ile Operation Anvil. Hatuna ugomvi na saisi anayewalisha farasi wa Ngong na kuwasugua alfajiri. Huyo ni mfanyakazi kama sisi.

Lakini farasi wa duka hili hata nyasi hawali. Ni picha za kompyuta. Mbio moja ikiisha, dakika chache tu nyingine inaanza, mchana kutwa mpaka usiku. Mshindi huchaguliwa na mashine. Kule Ngong mtu aweza kusema anamjua farasi, anamjua mpandaji, ameona matope ya mvua ya jana. Katika duka la Voi utajua nini? Hakuna mpandaji wala matope. Na bado tunawasikia wenzetu wakisema, "Namba tatu leo ana nguvu."

Sasa tulitazame bango. Sisi tulisoma shule ya misheni tu, lakini mwalimu wetu alitufundisha hesabu za faida na hasara, na hizo zatosha.

Beti ya kwanza ni ya mshindi: wachagua farasi mmoja, akiwa wa kwanza walipwa. Inaonekana ya haki. Haya, chukua mbio za farasi sita, na bei zao ziwe 2.50, 4, 5, 8, 10 na 10. Maana yake, shilingi moja kwa farasi wa bei ya 4 inarudisha shilingi nne. Tuseme wewe ni mwoga, wataka kupata shilingi 1,000 hata akishinda farasi gani. Weka 400 kwa yule wa kwanza, 250 kwa wa pili, 200 kwa wa tatu, 125 kwa wa nne, na 100 kwa kila mmoja wa wale wawili wa mwisho. Jumlisha. Umetoa 1,175 ili upewe 1,000. Zile 175 ni za mwenye duka, naye hajali nani ameshinda. Hakuna bei katika ukuta ule isiyokatwa namna hiyo.

Wengine watasema afadhali beti ya kapu, ile ambayo fedha za watu wote huwekwa pamoja na washindi hugawana. Joseph Oller ndiye aliyeianzisha Paris katika miaka ya 1860. Ni kweli huko wachezaji wanashindana wao kwa wao. Lakini mwenye kapu hukata fungu lake kabla ya kugawa. Kapu likiwa na 10,000, naye akakata sehemu moja ya tano, zabaki 8,000 hata mkigawana kwa upendo namna gani.

Beti ya mshindi na nafasi ndiyo inayopendwa na watu wazima, kwa kuwa inafanana na busara. Kumbe ni beti mbili. Ukisema shilingi mia, watoa mia mbili: mia farasi awe wa kwanza, mia awe katika watatu wa mbele. Sasa farasi wako wa bei ya 5 amekuwa wa pili kati ya wanane. Ile mia ya ushindi imekwenda. Mia ya nafasi mara nyingi hulipwa sehemu moja ya tano tu ya faida: faida ingekuwa 400, basi unapewa 80 na mia yako. Umetoa 200, umerudishiwa 180, na duka zima limekusikia ukipiga kelele kwamba umeshinda!

Halafu kuna ile wanayoiita forkasti: utaje wa kwanza na wa pili kwa mpangilio wao. Farasi wakiwa wanane, mipangilio ni 56. Ukitaja watatu wa kwanza, ni 336. Ukiambiwa waweza kuchagua watatu wako na kuwazungusha kila namna, ujue umenunua tikiti sita, si moja. Na mkeka, yaani kuunganisha mbio nyingi katika karatasi moja, ndio mbaya kuliko zote, maana lile kato la kila mbio linazidishwa kwa lingine. Kwa zile bei zetu za juu, mkeka wa mbio nne unaacha kama shilingi 52 tu katika kila mia. Tazameni tena lile bango: beti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote ni ipi?

Tunamjua mwenzetu mmoja wa genge la njia, jina lake hatulitaji. Aliwahi kupata 4,300 kwa forkasti ya shilingi mia. Alitununulia soda sisi sote, na siku ile tulimwonea kijicho. Tangu hapo yeye ni mwalimu wa beti, aweza kukueleza aina zote bila kutazama bango. Mwezi uliopita, siku ya tatu baada ya mshahara, alikuja kwetu kuomba nauli ya mtoto wake wa kurudi shuleni Wundanyi. Tulimpa. Elimu yake ya beti ilikuwa kamili wakati ule pia.

Wengine wetu tumecheza. Hatusemi haya kama watakatifu.

Kuna ndugu wasemao chama kisiingie katika mfuko wa mtu. Neno hili lina uzito, na sisi hatutaki chama cha kunusa mifuko. Lakini mfuko huo ndio tuliopigania. Sheria ya Kazi ya 2007 inasema makato yote katika mshahara yasizidi thuluthi mbili. Thuluthi moja lazima imfikie mfanyakazi mkononi, awe na deni la Sacco, awe na mkopo wa benki. Mkono wa bosi unakomea hapo, hata wa mdai. Halafu thuluthi ile ile twaibeba wenyewe mpaka dukani! Tena mtu asiye na akiba hawezi kugoma. Wafanyakazi wa Mombasa, wa reli wakiwamo, walisimama karibu wiki mbili katika Januari 1947. Jiulizeni tungesimama siku ngapi sisi, ikiwa tarehe tano mtu amekwisha kukopa unga.

Wengine wasema mabwana wa Ngong wanacheza, kwa nini tukatazwe sisi? Hatumkatazi mtu. Bwana mwenye farasi akishindwa, anapoteza kilichobaki baada ya chakula. Kwetu chakula chenyewe ndicho dau.

Na hizo jezi zenyewe zitadumu? Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu kubwa kuliko timu ya tawi la Voi. Mwaka 2019, SportPesa ilipokuwa na mzozo wa leseni na kodi na serikali, ilikata udhamini wake wote, na klabu zile zikabaki zikihangaika kutafuta fedha. Bunge limetunga sheria mpya ya kamari 2025 mahali pa ile ya 1966. Twaifurahia kwa kiasi, lakini sheria haitakuja kubandua bango katika chumba chetu. Hilo ni letu.

Twapendekeza hivi. Barua ijibiwe kwa adabu, kwa neno moja la hapana. Kila mwanachama atoe shilingi 100 siku ya mshahara, mara moja tu, na mtunza hazina asome majina na jumla mbele ya mkutano. Mama mshonaji wa karibu na soko amekubali kutengeneza jezi zetu akipewa nusu ya fedha mbele. Zile za zamani zina viraka, lakini vijana walizivaa juzi walipokwenda Mwatate, wakatoka sare.

Kura ni Jumamosi saa nane mchana, chini ya mwembe nyuma ya stoo. Wa zamu ya usiku wapeleke kura zao kwa katibu kabla ya saa sita.