Mkate tuliupigania barabarani, na uji je?

Juni 2024 unaikumbuka vizuri. Mswada wa Fedha ulitaka kuuwekea mkate ushuru wa VAT wa asilimia 16, na vijana tukasema hapana. Pendekezo hilo la mkate likaondolewa, maandamano yakaendelea kwa sababu ya mengine, na tarehe 26 Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada wote. Mimi nilipiga kelele pamoja na wenzangu na sijuti.

Lakini leo nataka nikuulize swali la jikoni. Ni lini tulikubaliana kwamba bila mkate hakuna kiamshakinywa?

Niko Kibugu, Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Nilirudi hapa baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Ukizunguka shamba letu dogo utaona ndizi, nduma, viazi vitamu ambavyo sisi tunaita ngwaci, parachichi na miti minne ya makadamia. Sasa ingia ndani asubuhi uone meza: mkate mweupe, siagi ya mkebe na chai ya sukari vijiko vitatu. Ndizi na makadamia zimeondoka na pikapu ya broka. Mkate nao umekuja na gari lingine kutoka mjini.

Hebu tupige hesabu. Hapa dukani mkate wa gramu 400 nimekuwa nikiununua kwa shilingi 65. Sisi ni watu watano, kwa hivyo mikate miwili inaisha kabla ya saa mbili. Hiyo ni shilingi 130 kwa siku, 3,900 kwa mwezi, na bado hujanunua sukari. Saa nne kila mtu ana njaa tena.

Mitandaoni nako ni sinema nyingine. Ukitafuta kiamshakinywa kitamu kisicho na maziwa wala mayai, unaonyeshwa granola na maziwa ya lozi, vitu ambavyo kwa bei ya supamaketi ni vya kutazama tu. Buda, utamu tunao hapa hapa. Jaribu hivi.

Chukua unga wa wimbi kama gramu 165, yaani kikombe cha chai kilichojaa hadi juu. Ukoroge kwenye vikombe viwili vya maji vuguvugu, funika na uweke karibu na jiko. Kwetu kuna baridi, kwa hivyo unahitaji usiku mbili ndipo uchachuke. Kule Mbeere kwenye joto, usiku mmoja unatosha. Asubuhi chemsha vikombe sita vya maji, mimina ule mchanganyiko polepole huku ukikoroga, kisha uache uive dakika 15 kwa moto mdogo. Ponda ndizi tatu zilizoiva kabisa, zile zenye madoa meusi ambazo broka hataki hata kuziona, uzitie ndani. Wanga wake umeshageuka sukari, kwa hivyo hutahitaji kijiko hata kimoja. Mwisho, twanga konzi ya makadamia zilizokaangwa kidogo, unyunyize juu. Chumvi ni kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Ukiwa na ngwaci zilizochemshwa, weka kando.

Kilo ya unga niliipata kwa shilingi 160 na inatupeleka asubuhi sita, yaani kama shilingi 27 kwa siku. Utaniambia makadamia ni pesa. Sawa, tuseme kilo inauzwa 100. Gramu 150 pamoja na maganda yake ni shilingi 15. Weka ndizi shilingi tano tano, nazo ni 15. Jumla haifiki 60. Na mwaka 2023, bei ya makadamia ilipoporomoka, wakulima walikuwa wanalia na magunia nyumbani, ilhali ni wachache kati yetu waliowahi kuzionja.

Kuhusu mwili: wimbi lina kalsiamu kuliko nafaka zetu nyingine, takriban miligramu 340 kwa kila gramu 100 za unga. Bakuli moja la uji huu linakupa karibu kiasi kilicho katika nusu kikombe cha maziwa. Kule kuchachuka si kwa ajili ya ladha pekee. Kunapunguza kemikali za nafaka zinazozuia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai nayo inayazuia, kwa hivyo, najua huku ni nchi ya majani chai, lakini isogeze saa moja mbele. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye kisukari, ndizi mbivu bado ni sukari. Mpunguzie.

Sasa nifike kwa jambo ambalo lilinifanya niandike. Nilipoanza kumhubiria mama kuhusu uji, alinisikiliza akimaliza kufunga kanga, kisha akaniuliza, "Na ataupika nani?" Yeye huamka saa kumi na moja akachune majani chai. Jioni anarudi apike, aoshe, alale. Mkate haukuingia nyumbani kwetu kwa sababu ni mtamu, wala kwa sababu tulisahau mila. Uliingia kwa sababu haumhitaji mtu kusimama na mwiko. Ulimpumzisha.

Kwa hivyo ukimwambia mama arudie vyakula vya shosho bila wewe kugusa sufuria, unamwongezea kazi tu na kuipamba kwa maneno ya afya. Sisi vijana tuliorudi nyumbani, ambao majirani wanatuuliza kila wiki kama tumepata kazi, saa kumi na mbili asubuhi tuko wapi? Tuko kitandani na simu.

Mimi sasa ndiye ninayeloweka unga. Jamaa mmoja wa rika langu alinikuta nikivunja makadamia kwa nyundo mlangoni, akanicheka kwamba nimeolewa. Nikampa bakuli. Alimaliza akaomba la pili, ila hakusema pole.

Sikuambii uache mkate. Ule siku ukitaka, na wakiutoza ushuru tena tutakutana barabarani. Lakini leo usiku, kabla ya kulala, koroga unga wa wimbi na maji vuguvugu, ufunike. Kesho kutwa mama akiamka, mwambie akae.