Keja ina woofa na taa za rangi, lakini haina ditekta

Wasee, leo sitaongelea muziki wala ile chuo niliyoacha. Leo ni jiko. Hilo jiko la makaa liko hapo kando ya mlango wako, na baridi ya Julai imeanza kukushawishi uliingize ndani.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Nilikuwa nimetoka chuo, nimehamia chumba kimoja huku Kinoo, gesi imeisha, doo hakuna. Nikawasha jiko nje, nikangoja moshi uishe vile sote tulifunzwa nyumbani. Makaa yakawa mekundu safi, nikaingiza ndani. Nikala githeri, nikafunga mlango na dirisha, nikaketi kitandani kuhariri video kwa simu. Baada ya muda kichwa kikaanza kugonga. Nikasema ni macho yamechoka. Tumbo likavurugika. Nikasema ni githeri. Kisha ukaja usingizi mtamu sana.

Akili yangu haikuniokoa. Aliyeniokoa ni mathe wa mlango wa pili, alikuja kudai beseni yake. Alibisha mpaka nikaamka, miguu ikakataa, nikafungua nikishikilia ukuta. Akaangalia jiko, akaniangalia mimi. "Wewe kijana, umejifungia na jiko? Unataka tumwite mamako hapa aje kuchukua maiti?" Akanivuta nje, akaniketisha kwa ngazi. Beseni akasahau.

Sasa skiza. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haikuwashi koo. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo unapumua vizuri lakini ubongo unakosa hewa. Na ubongo ndio ungekuambia "toka nje". Yaani ukianza kulewa hii gesi, wewe ndiye mtu wa mwisho kujua. Kila dalili utaipatia jina lingine: uchovu, homa, malaria, githeri.

Ndiyo maana nasema hivi: keja yoyote inayowasha moto ndani inahitaji kitu kisicholewa. Hicho ni ditekta ya kaboni monoksidi. Sisi tunanunua woofa, taa za rangi za ukutani, kioo cha kupigia picha, alafu tunaachia pua kazi ambayo haiwezi.

Na hizi hadithi za mtaa tuache. Moshi kuisha hakumaanishi makaa yako salama. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hii gesi kwa wingi. Sufuria ya maji kando ya jiko haiinyonyi. Kufungua dirisha kidogo si ulinzi wa kulalia.

Ukienda kununua, usidanganywe na boksi. Kengele ya moshi si hiyo. Kengele ya gesi ya kupikia pia si hiyo, ile inanusa mtungi ukivuja. Unataka boksi limeandikwa CO, likiwa na alama ya EN 50291 au UL 2034, ambavyo ni viwango vya Ulaya na Marekani. Geuza nyuma usome tarehe ya mwisho, kwa sababu kihisi huchoka baada ya miaka 5 hadi 10, hata kama taa yake bado inawaka. Chukua ya betri, maanake wewe na mimi tunajua vile tokeni za stima huisha usiku. Na ubonyeze kitufe cha kujaribu kila mwezi.

Kuiweka ndiyo wengi wanakosea. Gesi ya mtungi ni nzito, huteremka sakafuni, lakini kaboni monoksidi ina uzito karibu sawa na hewa na inajichanganya chumba kizima. Kwa hivyo iweke mahali unalala, ukutani, karibu usawa wa kichwa ukiwa kitandani, ili ikuamshe. Isiwe juu ya meko. Iache mita 1 hadi 3 kutoka hapo. Isiwe kando ya dirisha au mlango, upepo utaidanganya. Na kama keja yako imegawanywa na pazia, iwe upande wa kitanda, si nyuma ya pazia. Karatasi ya kiwanda ikisema tofauti, fuata karatasi.

Ikilia, usitafute chaja wala viatu. Toka, acha mlango wazi, amsha majirani. Kichwa kikiuma nenda hospitali na umwambie daktari kulikuwa na jiko ndani. Usipomwambia, anaweza kukupima malaria ukarudi nyumbani kwa hiyo hiyo gesi.

Najua kuna mtu anasema, "Buda, sina pesa ya gesi, nitatoa wapi ya ditekta?" Uko sahihi, na sitakudanganya. Sheria ya kwanza ni ya bure: jiko la makaa halilali ndani, jenereta haikai ndani wala kwa veranda. Ditekta si ruhusa ya kulala na jiko. Ni ya siku utasahau, ya jiko la gesi linalowaka moto wa manjano, ya jirani mnashiriki ukuta naye.

Na hapo ndipo nawageukia wenye ploti. Unajua kutuwekea bango la takataka na faini ya kuchelewesha kodi. Unachukua kodi milango kumi kila mwezi. Ditekta moja kila mlango haitakufilisi, na ni wewe ulijenga vyumba dirisha moja dogo. Tukianza kuuliza kuhusu ditekta vile tunauliza kuhusu maji kabla ya kulipa dipoziti, wataweka.

Mimi yangu iko ukutani, juu kidogo ya mto. Haijawahi kulia, naijaribu tu. Mara ya kwanza nilipobonyeza, mathe alikuja mbio akidhani nimejifungia tena.

Beseni yake nilimrudishia. Wewe, jiko lako usiku huu liko wapi?