Karatasi ya kupita Komanda ingeuliza kwanza: utafika lini?

Komanda, karibu kilomita 75 kutoka Bunia, ni pale barabara ya taifa namba 27 inapokutana na namba 4, ile inayotoka Kisangani kupitia Mambasa na kuteremka kuelekea Luna, Eringeti na Beni. Kwenye njia panda ile mtu anajifunza kusubiri. Madereva wa malori, akina mama wa biashara, vijana wa pikipiki, wote wanangoja askari waseme kama msafara unaondoka ao hauondoki. Mkononi mwa kila mmoja kuna karatasi: kadi ya uchaguzi, ruhusa ya safari, jetoni ya barieri. Karatasi hazikosekani Komanda. Swali ni kujua zinamsaidia nani.

Jibu linaweza kutafutwa mbali kidogo, kwa watu ambao wengi katika Irumu wangewaita wendawazimu: wale wanaosafiri baharini peke yao miezi na miezi ndani ya kayaki, mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, wenye nafasi ya mtu mmoja na kasia lenye pande mbili. Mjerumani Freya Hoffmeister alizunguka Amerika ya Kusini yote kwa chombo cha namna hiyo, akianzia Buenos Aires mwaka 2011 na kurudi pale pale mwaka 2015. Mtu anayesafiri hivyo hana wa kumuuliza njia wala wa kupeleka habari zake nyumbani. Mawimbi anayatarajia. Kinachomshangaza ni idadi ya ofisi: bandari, uhamiaji, jeshi la maji, polisi, na kila ofisi ina muhuri wake.

Katika inchi ya Chile, kazi hiyo iko mikononi mwa jeshi la maji. Anayetaka kuingia baharini na kayaki anakwenda kwa nahodha wa bandari kuomba ruhusa inayoitwa kwa Kispanyola zarpe. Anaandika jina lake, anapotokea, anapokwenda, siku atakazotumia, chombo chake, redio ao simu ya satelaiti aliyonayo. Bahari ikichafuka, bandari inafungwa na hakuna anayetoka, awe tajiri ao mvuvi. Aliyepata ruhusa anatakiwa kutoa habari za mahali alipo njiani, na akifika anajitambulisha. Wasafiri wengi wanalalamika juu ya mpango huo. Wanasema unapoteza muda, kwamba nahodha mmoja anakubali na mwingine anakataa, kwamba anayesafiri peke yake ndiye anayetiliwa mashaka zaidi. Malalamiko yao yana haki. Lakini wakisha kulalamika, jambo moja linabaki: karatasi ile inaifunga serkali pia. Ikiwa mtu alisema atafika Jumanne na Jumatano hajaonekana, kuna ofisa ambaye jina la mtu huyo liko mezani kwake, na hawezi kusema hakujua.

Ruhusa ya Komanda haina upande huo wa pili.

Haki ya kutembea iko wazi katika sheria. Kifungu cha 30 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila mtu aliye katika inchi haki ya kwenda na kurudi, kwa masharti yanayowekwa na sheria. Halafu tarehe 6 Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilianza Ituri na Kivu ya Kaskazini, na madaraka ya kiraia yakawekwa mikononi mwa wanajeshi na polisi. Watu wengi wa Irumu hawakupinga. Walikuwa wamezika vya kutosha. Kama bei ya usalama ilikuwa kuonyesha kadi mara tano kwa safari moja, walikuwa tayari kuionyesha mara kumi.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 1 Septemba 2021, msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa ulishambuliwa Ofaye, kwenye barabara ya Komanda kwenda Luna. Watu waliuawa, magari yalichomwa, abiria wengi walipelekwa porini. Siku zilizofuata, familia zilikimbia huku na huku kuuliza: fulani alipanda gari gani? Alishuka wapi? Waliojibu walikuwa madereva, wachuuzi na watu wa parokia. Msafara wote ulikuwa umepita kwenye barieri, kila mtu alikuwa ametazamwa uso na kadi yake, na bado hesabu ya waliokosekana ilitengenezwa kwa simu za jamaa.

Wengine watasema karatasi haizuii risasi. Ni kweli, na ingekuwa ujinga kudai kinyume. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, ADF waliingia Komanda kwenyewe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao waamini waliokuwa wakikesha kanisani. Hakuna ruhusa yoyote ambayo ingewasaidia. Watu wale hawakuwa hata safarini. Ni kweli pia kwamba jeshi lina sababu ya kuuliza watu wanatoka wapi katika eneo ambalo wauaji wanajichanganya na raia. Ubishi hauko pale. Ubishi unaanza pale maswali yanapoisha haraka na mkono unapobaki umenyooshwa. Mashirika ya raia ya Ituri yamelalamikia malipo yasiyo halali kwenye barieri mara nyingi hadi malalamiko yenyewe yamekuwa kama salamu ya asubuhi. Kila msafiri anajua tofauti kati ya askari anayesoma kadi na askari anayeipima uzito.

Na hapa mfano wa kayaki unasaidia zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu Ituri ina bahari yake. Ziwa Albert lina urefu wa kilomita karibu 160 na upana wa karibu 30, na upepo wake hauna huruma na mitumbwi ya mbao. Mvuvi anayetoka Kasenyi ao Tchomia usiku, peke yake ao na mwenzake mmoja, yuko katika hali ile ile ya yule Mjerumani, isipokuwa hana redio, hana satelaiti, na mara nyingi hana hata jile ya kuokoa maisha. Naye anahitaji ruhusa. Kuna huduma ya uvuvi, kuna jeshi la maji, kuna watu wa usalama, na kila mmoja ana lake la kudai. Akivuka mstari wa katikati aliweza kukutana na kikosi cha jeshi la Uganda cha kulinda uvuvi, ambacho kiliwekwa maziwani mwaka 2017 na hakikuwa na mchezo na chombo kidogo.

Mstari huo wenyewe hauonekani kwa macho. Mwaka 2007 damu ilimwagika ziwani, akauawa hata mfanyakazi Mwingereza wa kampuni ya mafuta ya Heritage, na kisiwa kidogo cha Rukwanzi kikawa jina kubwa kwenye redio. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, Marais Joseph Kabila na Yoweri Museveni walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakakubaliana pamoja na mengine kwamba mpaka utazamwe upya na alama ziwekwe. Miaka imepita, na wavuvi wa Kongo bado wanakamatwa na nyavu zao zinachukuliwa kwa kuvuka mpaka ambao hakuna aliyewaonyesha. Msafiri wa kayaki angekuwa na ramani. Mvuvi ana nyota na mlima.

Historia ya kayaki ina mtu mmoja ambaye wavuvi hao wangemuelewa vizuri. Oskar Speck, Mjerumani, aliondoka Ulm kwenye mto Danube mwaka 1932 akitafuta kazi katika migodi ya shaba ya Kisiprosi. Alipenda safari kuliko migodi, akaendelea: Siria, mto Frati, pwani ya Uajemi, India, Burma, Indonesia. Miaka saba. Mwezi wa Septemba 1939 alifika kisiwa cha Saibai, mlangoni mwa Australia. Kwa simulizi lake mwenyewe, polisi watatu walimpokea ufukweni, wakampongeza kwa safari yake, halafu wakamkamata. Vita vilikuwa vimeanza, naye alikuwa raia wa adui. Alikaa kambini hadi vita vikaisha. Polisi wale walifuata sheria, na Speck hakuwa na njia ya kujua, akiwa majini, kwamba sheria zilikuwa zimebadilika.

Mtu wa Komanda anayeambiwa asubuhi kwamba jetoni ya wiki iliyopita haifai tena anaweza kucheka hapo, lakini si sana.

Kuna somo lingine la karibu zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua ya MV Merdi, iliyotoka Minova kwenda Goma, ilizama mbele ya macho ya watu karibu na bandari ya Kituku, ikiwa imebeba abiria wengi kuliko uwezo wake. Makumi ya watu walikufa. Na kwa siku kadhaa hesabu za serkali, za walionusurika na za familia hazikulingana, kwa sababu hapakuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda. Mashua ile haikuondoka kwa siri. Iliondoka mchana, mahali ambapo serkali ina wafanyakazi wake. Ukiwauliza wafiwa wanataka nini, wengi wataanza na jambo dogo kabisa: kujua kama mtu wao alikuwamo.

Kwa hiyo wanaodai kwamba ruhusa zote zifutwe, kuanzia Komanda hadi Kasenyi, wanakosea, ingawa hasira yao inaeleweka. Anayeingia porini ao ziwani anahitaji mtu anayejua kwamba ameingia. Kinachodaiwa ni kugeuza swali. Pale Komanda, kabla ya msafara kuondoka, orodha moja iandikwe: namba ya gari, majina, simu ya jamaa mmoja. Nakala ibaki kwa askari wanaosindikiza, nyingine itumwe Luna kwa picha ya simu, na watu wahesabiwe wakifika. Ikiwa kuna malipo yanayoruhusiwa na sheria, bei ibandikwe ukutani na risiti itolewe. Kama hayapo, hilo nalo libandikwe. Kasenyi na Tchomia vilevile: nani ametoka, saa ngapi, anategemewa lini, na namba ya simu ya upande wa Ntoroko ya kupiga asiporudi.

Wapo watakaosema jeshi lina kazi nyingine kuliko kuandika majina. Lakini majina tayari yanatazamwa, mara tano ao sita kwa safari. Ni kalamu tu ambayo haigusi karatasi. Wapo pia watakaoogopa kwamba orodha ikianguka mikononi mwa waasi itawaonyesha nani yuko barabarani na simu ya nani ya kupiga ili kudai fedha. Hofu hiyo ni ya kweli, utekaji umekuwa biashara, na ndiyo sababu orodha haipaswi kutembea gari hadi gari. Ikae kwa mkubwa mmoja anayejulikana kwa cheo chake, ambaye ataulizwa ikipotea.

Gavana wa kijeshi hahitaji sheria mpya kutoka Kinshasa ili kuanza na barabara moja, ile ya Komanda kwenda Luna, kwa mwezi mmoja. Madaftari yanauzwa katika kila duka la njia panda.